Maji ya Meru na Mashine za Kunyosha Viungo

Kutibu viungo kwa kuvitembeza ni desturi ya kale, lakini kuikabidhi kazi hiyo kwa mashine ni jambo lenye tarehe. Mwaka 1865 mganga wa Kiswidi, Gustav Zander, alifungua mjini Stockholm nyumba ya tiba iliyojaa mitambo ya mazoezi. Mgonjwa aliuweka mkono au mguu wake katika mtambo, na kiungo kikakunjwa na kukunjuliwa kwa kipimo kilichopangwa. Mitambo hiyo ilienea Ulaya na Marekani, ikawahudumia makarani waliodhoofishwa na kukaa na wafanyakazi walioumia viwandani.

Neno roboti lilikuja baadaye. Lilitokea katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek uliochapishwa mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Elimu ya akili mnemba nayo ilipata jina lake la Kiingereza kwa mkutano wa Dartmouth, Marekani, wa mwaka 1956. Katika miaka ya 1990 mkono wa roboti ulioitwa MIT-Manus ulianza kujaribiwa kwa watu waliopooza kwa kiharusi. Ulihisi nguvu ya mgonjwa, ukamsaidia alipopungukiwa na kumwachia alipoweza, tena bila kuchoka.

Sifa zake zilitangulia ushahidi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uingereza kwa wagonjwa 770 wa kiharusi. Waliofunzwa kwa roboti hiyo hawakuonekana kuitumia mikono yao vema kuliko waliopata matibabu ya kawaida. Kwa hiyo, wingi wa kurudia mwendo si kupona. Kupona ni kuweza kushika kikombe, kufunga kifungo na kubeba mzigo.

Lakini kabla ya kuuliza kama mashine inaponya, yafaa kuuliza ilitungwa kwa maradhi gani. Roboti nyingi za namna hii zilitungwa kwa ajili ya kiharusi. Kiharusi kipo Arusha kama kilivyo kwingineko. Hata hivyo, katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru upo ulemavu mwingine usiofikiriwa na watungaji wa mashine hizo, na chanzo chake ni maji.

Meru ni mlima wa volkeno, na miamba yake huyapa maji floraidi nyingi. Wenyeji waliyapa maji majina kwa kadiri macho yao yalivyoona: Maji ya Chai yanaitwa hivyo kwa rangi yake, na Ngarenanyuki kwa Kimasai ni maji mekundu. Floraidi, lakini, haina rangi wala harufu, na jicho haliwezi kuionya nafsi. Mwaka 1964 waganga Grech na Latham walichapisha uchunguzi wao juu ya maradhi ya floraidi katika Jimbo la Kaskazini la Tanganyika. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa maji yaliyo chini ya kikomo kile hayakupatikana kwa urahisi kila mahali. Magadi yanayotiwa katika chakula huongeza floraidi hiyo. Meno hupata madoa ya kahawia, na mtoto aliyekunywa nyingi zaidi hupinda miguu mifupa yake ingali inakua.

Mpasuaji huukata mfupa, akaunyosha na kuufunga. Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia inapoanza. Goti lililofungwa kwa majuma mengi hukakamaa, misuli ya paja husinyaa, na mtoto aliyezoea kutembea kwa magoti yagusanayo hana budi kujifunza upya kusimama, kuhamisha uzito na kukanyaga. Mjini Arusha nyumba iitwayo Plaster House imewapokea watoto kama hao tangu mwaka 2008, wapate mahali pa kupona baada ya upasuaji. Huko Moshi, hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 hufundisha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya kutegemeza miguu. Kazi hii yote hufanywa kwa mikono ya watu, nao ni wachache.

Je, akili mnemba haina nafasi hapa? Inayo, ila si lazima ije na mkono wa chuma. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha habari za OpenCap, programu inayoupima mwendo wa viungo kwa picha za simu mbili. Kipimo cha namna hiyo kingeweza kumsaidia mtaalamu kujua kama mtoto aliyerudi kijijini anatembea vema au anapinda tena. Mwaka 2022 Podgorski na Berg walitoa ramani ya floraidi ya dunia iliyokadiriwa na kompyuta iliyofunzwa kwa vipimo zaidi ya 400,000. Walikisia kwamba watu wapatao milioni 180 huenda wamo hatarini. Akili ya namna hii huelekea kwenye kisima, asili ya ulemavu wenyewe. Huko Tengeru, chini ya mlima, Taasisi ya Nelson Mandela iliyozinduliwa mwaka 2012 hufundisha elimu ya maji na elimu ya kompyuta katika uwanja mmoja.

Tangu Zander hadi leo, kila mashine imekuwa hodari wa jambo iliyoulizwa, na bubu kwa jambo isiyoulizwa. Kituo cha Ngurdoto, kilicho karibu na Maji ya Chai, kimekuwa kikisafisha maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ili mfupa wa mnyama uinase floraidi kabla haijaufikia mfupa wa mtoto. Mtambo huo hauna akili yoyote ndani yake, ila ya watu waliojua maradhi yanatoka wapi. Mtoto aliyenyoshwa mguu akarudishwa kwenye kisima kilekile amepewa nusu ya tiba, hata kama aliyemfunza kutembea ni mtaalamu bora au roboti ya thamani kubwa.