Koleo, Mvuke na Hesabu: Vifaa vya Upasuaji katika Bonde la Kilombero

Januari 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za miji minane: London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, wakati huo hospitali teule ya wilaya, ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kujaribu orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye mambo 19 ya kuhakikisha kabla na baada ya upasuaji. Mojawapo ni hili: mgonjwa hatoki chumbani mpaka muuguzi atamke kwa sauti kwamba vifaa, sindano na gozi vimehesabiwa na vimetimia. Kwa hospitali zote nane zikijumlishwa, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Naona jambo hilo la vifaa halijapewa nafasi yake katika historia ya bonde letu. Tukizungumzia upasuaji tunataja kisu, na kisu ndicho kifaa kilichowahi kupatikana kuliko vyote. Kazi ngumu ilikuwa kuzuia damu, kufunga jeraha na kulilinda lisioze.

Afrika Mashariki ililijua hilo kabla ya hospitali. Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia mganga wa Bunyoro akimzalisha mwanamke kwa kumpasua tumbo. Mganga alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaliosha nayo tumbo la mama, na mama mwenyewe alikuwa amenyweshwa pombe hiyohiyo. Msaidizi alichoma kwa chuma cha moto sehemu zilizovuja damu. Ngozi ilishikizwa kwa misumari myembamba ya chuma iliyozungushiwa nyuzi za gome la mti, kisha ikapakwa dawa ya mizizi. Mama na mtoto walipona. Hatua kuu za chumba cha upasuaji cha leo zimo humo, isipokuwa vifaa vyake ni vingine.

Chuma cha moto kilirithiwa na koleo. Ishike mkononi uitazame: ina matundu mawili ya vidole kama mkasi, na kati ya mipini yake kuna vijino vinavyojifunga. Ukibana mshipa, vijino vinashika na mkono unakuwa huru kwa kazi nyingine. Mjini London daktari Spencer Wells aliiendeleza koleo ya namna hiyo katika karne ya 19. Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, akaitengenezea meno nchani ili isiteleze kwenye nyama. Kocher alipasua wagonjwa wengi wa rovu, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, na hadi leo wauguzi wetu wanaiita koleo hiyo kwa jina lake.

Uswisi ndiko walikotoka Wakapuchini walioingia Dar es Salaam mwaka 1921, na kazi yao ya tiba ndiyo iliyozaa hospitali ya Ifakara. Katika miaka ya 1940 alifika Dkt. Karl Schöpf, ambaye chini yake hospitali hiyo ilikua sana. Mtafiti Rudolf Geigy wa Basel alizuru mwaka 1949, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ya utafiti ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Maabara hiyo ndiyo iliyoupa mji sifa kwa kazi yake juu ya malaria na mbu. Kwa upasuaji, mwaka mkubwa zaidi ni 1961, kilipofunguliwa kituo cha kufundisha matabibu. Miaka miwili baadaye nchi ilianza kuwafundisha madaktari wasaidizi, kada ambayo kwa miongo mingi imefanya upasuaji mwingi wa uzazi katika hospitali za wilaya.

Mafunzo hayo yalihitajika kwa sababu ya Mto Kilombero. Kabla daraja la Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018, mgonjwa kutoka Mahenge au Malinyi alivushwa kwa kivuko, na masika bonde hugeuka ziwa. Mama anayevuja damu hawezi kusubiri maji yapungue. Ndiyo maana mwaka 2009 chuo cha Ifakara kilianza kuwaita watumishi wa vituo vya afya kwa miezi mitatu, wafundishwe upasuaji wa uzazi na utoaji wa nusukaputi, kisha warudi kufungua huduma huko walikotoka.

Wakirudi, wanakuta nini kabatini? Seti ya upasuaji wa uzazi haina mambo makubwa: kisu na nyembe zake, mikasi, koleo za kutosha, kishikio cha sindano, vyuma vya kuvutia kingo za jeraha, uzi, gozi, na mashine ya kufyonza damu na maji. Tatizo ni muda. Baada ya upasuaji vifaa vinasuguliwa kwa brashi hadi kwenye vijino vya koleo, vinasuuzwa, vinakaushwa na kufungwa kwenye kitambaa. Ndipo vinaingia kwenye otoklevu, chombo kinachoua vijidudu kwa mvuke, kwa nyuzi joto 121, dakika 30, na bado vinasubiri kukauka. Kituo chenye seti moja, umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, kimefunga huduma hata kama daktari yuko mlangoni.

Kwa hiyo kila kituo kinachopasua kinahitaji seti tatu: moja inayotumika, moja iliyo kwenye otoklevu, na moja iliyofungwa tayari kabatini, tarehe imeandikwa juu yake. Na ndani ya kila seti iwekwe karatasi yenye idadi ya kila kifaa, ili muuguzi wa zamu ya usiku ajue anahesabu kutoka ngapi.