Kivuko cha Likoni na Orodha Zilizokataa Kulingana

Mwenye duka la mtaani Ukunda ana daftari la madeni, na mteja wake ana lake. Mwisho wa mwezi yakifunguliwa pamoja, moja linasema unga pakiti nne, jingine linasema tatu. Mwizi hayupo. Kila mmoja aliandika kwa wakati wake, na siku moja mmoja akasahau. Kwa miaka mingi takwimu za afya za Kwale, pwani ya Kenya, ziliendeshwa kwa mtindo huohuo, ila madaftari hayakuwa mawili, na kati yake palikuwa na maji.

Maji yenyewe si mengi. Ni mkondo wa bahari unaovukwa kwa feri ya Likoni. Lakini ofisi za Mkoa wa Pwani zilikuwa kisiwani Mombasa, na hesabu ya zahanati ya Vanga au Shimoni ilianza safari kwa kupelekwa wilayani, ikajumlishwa kwa mkono na karani wa kumbukumbu za afya, kisha ikapanda feri pamoja na abiria na mikokoteni. Hesabu hizo zilijazwa katika fomu: ya wagonjwa wa nje ni MOH 705, A ya watoto wa chini ya miaka mitano na B ya waliozidi umri huo. MOH 711 inachanganya afya ya uzazi, Ukimwi, malaria na kifua kikuu. Kila mara takwimu iliponakiliwa kutoka karatasi moja hadi nyingine, ilipata nafasi mpya ya kupotoka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 2000 wilaya zikaanza kutuma majedwali ya Excel. Mwendo uliongezeka; idadi ya nakala haikupungua.

Serikali nayo ikaongeza utata. Wilaya ya Kwale iligawanywa, na sensa ya 2009 ikaihesabu ikiwa tatu: Kwale, Kinango na Msambweni, zenye jumla ya watu 649,931. Kituo cha afya hakikuhama hata hatua moja, lakini katika orodha moja kilikuwa Kwale na katika nyingine kilikuwa Msambweni. Ndiyo maana Wizara ya Afya ilitengeneza orodha kuu ya vituo, kila kituo kikiwa na namba yake, ili jina na mipaka vikibadilika, namba ibaki. Kazi ya kuilinganisha orodha hiyo na mifumo mingine ni ya kuchosha na haina sifa. Anayeifanya vizuri hakuna anayemjua.

Mwaka 2009 ndio ulioleta mageuzi, na yaliingia kwa njia ya bahari. Waya wa intaneti wa TEAMS kutoka Fujairah ulifika Mombasa mwezi Juni, na wa SEACOM ukaanza kazi Julai. Mwaka uliofuata Wizara ikachukua programu huria ya takwimu za afya iitwayo DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Mkoa wa Pwani ukawa uwanja wa majaribio.

Fikra ya awali ilikuwa ya kawaida kwa zama zile: kila wilaya ipewe nakala yake ya programu, iwekwe kwenye kompyuta ya ofisini, na data itumwe juu baadaye. Hapa ndipo stadi ya kufungasha programu inapoanza kuhusika, na inafaa kueleweka vizuri.

DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java, na haisimami peke yake. Inahitaji Java ya toleo fulani, hifadhidata, programu ya kuipeperusha mtandaoni, na juu ya hivyo makumi ya maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine. Maktaba hizo nazo zina mahitaji yake. Mfungashaji hutunza orodha ya vyote hivyo pamoja na namba za matoleo, mfano wa fundi seremala anayeorodhesha mbao na misumari kabla ya kupakia. Chombo kinachotumika ni Maven, na orodha hukaa katika faili la pom.xml. Mradi wa DHIS2 umegawanyika katika moduli nyingi; kama kila moduli ingeandika yenyewe toleo inalolitaka, moja ingedai la zamani na jirani yake la jipya. Kwa hiyo matoleo huandikwa katika pom ya mzazi, na moduli watoto hutaja jina tu, bila namba.

Ndani ya kifurushi, basi, mambo yalikuwa shwari. Tatizo lilikuwa nje yake. Kompyuta ya ofisi ya wilaya ina Java iliyowekwa na nani, lini? Ina virusi? Ina umeme leo? Toleo jipya likitoka, nani atazunguka na diski kutoka Kinango hadi Lunga Lunga, na baada ya mwezi mmoja ni wilaya ngapi zitakuwa kwenye toleo lilelile? Mfungashaji anaweza kuipanga orodha yake hadi nukta ya mwisho, lakini mashine ya mbali ina orodha yake isiyoandikwa popote.

Jibu lilitoka kwenye modemu ndogo za simu, zile zinazochomekwa pembeni mwa kompyuta. Zilipojaribiwa mikoani zilionyesha kwamba mtandao wa simu ulikuwa umefika mbali kuliko wengi walivyodhani. Wazo la kusambaza nakala likaachwa. Badala yake pakawa na sava moja ya taifa, na kila wilaya ikaingia kwa kivinjari. Kufikia Septemba 2011 nchi nzima ilikuwa imeunganishwa, na Kenya ikahesabiwa kuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kuutumia mfumo huo mtandaoni kitaifa. Kwa Kwale maana yake ilikuwa kwamba takwimu hazikuhitaji tena kupanda feri.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kupiga vigelegele. Lakini rekodi ya mgonjwa mmoja mmoja haikuweza kutegemea modemu. Daktari aliye na foleni mlangoni hangojei mtandao urudi. Kwa hiyo programu ya rekodi za wagonjwa iitwayo KenyaEMR, iliyoanza kusambazwa hospitalini 2012 hasa kwa wagonjwa wa Ukimwi, ilirudia njia ya zamani: sava ndogo ndani ya kliniki yenyewe, na kifurushi kinachowekwa mahali hapohapo. Msingi wake ni OpenMRS, uliobuniwa 2004 na Paul Biondich na Burke Mamlin kwa ajili ya mradi wa AMPATH wa Eldoret. Kwa hesabu hiyo, mojawapo ya programu za afya zinazotumika sana duniani ilipata umbo lake ikihudumia kliniki za Kenya.

Na OpenMRS ina ugonjwa wa madaftari hasa. Mahitaji ya moduli huandikwa katika pom.xml, ambayo husomwa wakati wa kujenga. Huandikwa tena katika config.xml, ambayo husomwa wakati wa kuwasha. Kifurushi kizima nacho kina orodha ya tatu, ya moduli zote zitakazosafiri pamoja. Mtengenezaji akipandisha toleo kwenye ya kwanza na kuisahau ya pili, mradi hujengeka bila kelele yoyote. Kelele huja siku ya kuwasha, pale moduli inapokuta mwenzake ni wa toleo la zamani kuliko lile ililojengwa nalo, ikakwama. Mwenye kuumia ni karani wa kliniki, ambaye hajui Maven ni nini wala hana sababu ya kujua.

Dawa waliyoizoea mafundi wa OpenMRS ni ya kuvutia kwa urahisi wake. Katika config.xml hawaandiki namba. Huacha nafasi yenye jina, na Maven huijaza wakati wa kufungasha kwa kuchukua namba iliyoandikwa katika pom ya mzazi. Binadamu huandika mara moja, mashine hunakili. Dawa hii haikuenea kila mahali. Zipo moduli ambazo namba bado huchapwa kwa vidole kotekote, na uzembe huo hauna udhuru.

Kwale ikawa kaunti 2013, na wilaya zile tatu zikabaki kwenye vitabu vya sensa. Mfumo wa taifa ungali ukifanya kazi. Katika zahanati, hata hivyo, rejesta ya karatasi ingali mezani: mwisho wa mwezi hujumlishwa kwa mkono, hujazwa kwenye fomu, kisha huingizwa mtandaoni kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata.