Risasi Iliyobaki Mwilini

Septemba 7, 2017, hapa Dodoma, Mheshimiwa Tundu Lissu, wakati huo Mbunge wa Singida Mashariki, alimiminiwa risasi akiwa garini, nyumbani kwake Area D, akitokea bungeni. Madaktari wa Hospitali ya Mkoa walimhudumia, na usiku huohuo akapelekwa Nairobi kwa ndege. Januari 2018 akahamishiwa Leuven, Ubelgiji. Risasi 16 zilimpata. Mwenyewe amesema hadharani kwamba moja imebaki mwilini mwake.

Tangu hapo nimelisikia swali moja katika vijiwe vya mji huu: daktari gani humwacha mtu na risasi mwilini? Ndugu msomaji, historia imekwisha kulijibu, tena kwa gharama ya roho za watu.

Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi Julai 1881. Madaktari waliisaka kwa vidole na vyuma visivyo safi. Jeraha likaoza, na Septemba akafariki. Mwaka 1912 rais wa zamani, Theodore Roosevelt, alipigwa risasi kifuani. Safari hii ilikuwapo eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895. Madaktari wakaiona risasi, wakaiacha. Aliishi nayo hadi 1919.

Lakini kuiacha si kuisahau, kwani iko risasi isiyotulia. Ikiingia ndani ya vena, damu huweza kuibeba hadi moyoni, kisha mapafuni. Ikiingia ndani ya ateri kubwa, husukumwa hadi mguuni au hata kichwani, ikaziba njia, na kiungo kisichopata damu hufa. Mwaka 1834 daktari Mwingereza, Thomas Davis, alieleza habari za mtoto aliyejeruhiwa na kipande cha mti, kikaja kukutwa ndani ya moyo wake. Katika Vita Kuu ya Pili, Dwight Harken, daktari wa jeshi la Marekani, alitoa risasi na vipande vya mabomu 134 moyoni na kandokando yake bila kupoteza mgonjwa hata mmoja.

Ndiyo maana daktari makini huhesabu matundu. Likiwapo la kuingilia pasiwepo la kutokea, na picha ya jeraha isionyeshe kitu, hupiga picha ya mwili mzima. Kabla ya kupasua hupiga tena, maana huenda risasi imehama. Iliyoziba ateri hutolewa. Iliyo katika vena au moyoni huweza kunaswa kwa mrija mwembamba wenye kitanzi, unaopitishwa ndani ya mshipa. Ndogo iliyotulia, isiyomsumbua mgonjwa, huweza kuachwa ikichunguzwa.

Matibabu ya moyo kwa mirija ya namna hiyo yapo nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Lakini kuhesabu matundu hakungoji taasisi. Huanzia Manyoni, huanzia Mpwapwa.

Basi ndugu yetu akitoka hospitali na chuma mwilini, tusikimbilie kumlaumu daktari. Tuulize maswali mawili: iko wapi, na itatazamwa tena lini?