Simu na Moyo: Kutoka Waya wa 1905 Hadi Kilima cha Nyanchwa

Leo tunaweka kando mambo ya lugha za programu na tunaingia kwenye historia. Swali la wiki hii ni hili: je, simu iliyo mfukoni mwako inaweza kugundua kwamba moyo wako unapiga ovyo? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo lenye utamu, nalo linaanza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nikimaliza historia nitaileta hapa Nyanchwa, kilimani juu ya mji wa Kisii, tuone kama hesabu inakubali.

Kwanza tuelewane. Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hujibana, kisha viwili vya chini hujibana, kwa zamu. Kuna hali ambapo vyumba vya juu huacha kujibana na kubaki vikitetemeka tu. Madaktari huiita atriali fibrilesheni. Ukishika mshipa wa mkono unasikia mapigo yasiyo na mpango: mawili ya haraka, kimya, moja, halafu matatu. Damu ikituama ndani ya vyumba hivyo huweza kuganda, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Wengi wenye hali hii hawahisi chochote. Dawa za kuzuia damu kuganda zipo, na hupunguza sana hatari hiyo, lakini huwezi kumpa dawa mtu ambaye hujui ana tatizo.

Simu na moyo zilipokutana

Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa mji wa Leiden, Uholanzi, alitengeneza mashine ya kuchora umeme wa moyo, yaani ECG. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 270. Hayo ni magunia matatu ya mahindi! Ilihitaji watu kadhaa kuiendesha, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi ili umeme upite.

Sasa, mashine kama hiyo haihamishiki, na wagonjwa wa hospitalini walikuwa umbali wa kilomita moja na nusu hivi kutoka maabara yake. Einthoven alifanya nini? Mwaka 1905 alitumia waya wa simu. Mapigo ya mgonjwa yalisafiri kutoka hospitalini hadi maabara, yakachorwa huko. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia mtu anasema kupima moyo kwa simu ni wazo jipya la vijana wa California, mwambie limetimiza zaidi ya karne. Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Baada ya hapo, historia yote ni ya mzigo kupungua. Mmarekani Norman Holter alitengeneza kifaa cha kubebwa mgongoni, cha kilo 38 hivi, kilichotuma mapigo kwa redio. Kufikia 1961 alikuwa amekipunguza hadi mtu aweze kutembea nacho kutwa nzima akiendelea na shughuli zake. Wakati huohuo kulikuwa na njia ya pili, ya mwanga. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Alrick Hertzman alionyesha kwamba mwanga ukipita kwenye ngozi hubadilika kila damu inapojaa na kupungua. Mwaka 1974 Mjapani Takuo Aoyagi alijenga juu ya msingi huo akapata oksimita, kile kibanio cha kidoleni tulichokizoea sote wakati wa korona.

Njia hizo mbili, umeme na mwanga, ndizo zilizoingia kwenye simu. Upande wa umeme, Dkt. David Albert wa Marekani aliweka elektrodi mbili kwenye kifuniko cha nyuma cha iPhone, na video yake ikasambaa mtandaoni mwanzoni mwa 2011. Desemba 2012 kifaa cha kampuni yake, AliveCor, kiliidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani. Upande wa mwanga, mwaka 2013 watafiti wa Massachusetts walichapisha matokeo ya programu iliyotumia kamera ya iPhone 4S peke yake kwa wagonjwa 76. Ilitofautisha mapigo yaliyovurugika na ya kawaida kwa usahihi wa takriban asilimia 97.

Inafanyaje kazi?

Unaweka kidole juu ya kamera, tochi ya simu ikiwa imewashwa. Kamera inapiga picha 30 kwa sekunde. Kila moyo unapopiga, damu hujaa kidoleni na picha inakuwa nyeusi kidogo. Programu inachora wimbi, inapima muda kati ya kilele kimoja na kingine, halafu inajiuliza: je, hizi nafasi zinafuata mpango wowote? Zikiwa ovyo kabisa, inatoa tahadhari. Anayejua kuandika programu anaweza kutengeneza ya majaribio ndani ya wikendi moja.

Kazi ngumu iko kwingine. Kidole kinatikisika. Mikono ina baridi, hasa asubuhi ya ukungu hapa Gusii. Simu nyingi za bei nafuu zina kamera dhaifu. Halafu kuna jambo la ngozi: rangi nyeusi hunyonya mwanga zaidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksimita ilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Hiyo ni oksimita, si kamera ya simu, lakini ni onyo tosha: programu iliyofunzwa kwa vidole vya wengine ijaribiwe kwanza kwa vidole vyetu.

Tulete hesabu nyumbani

Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa saa za Apple uliohusisha watu 419,297 nchini Marekani. Waliopata tahadhari ni 2,161 tu. Kati ya 450 waliovaa kifaa cha ECG baadaye na kukirudisha, asilimia 34 walikutwa na atriali fibrilesheni. Wengine huenda ilikuja ikaenda, maana hali hii ina tabia hiyo, au saa ilikosea.

Sasa sogea Afrika Mashariki. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima kwa ECG wazee zaidi ya 2,200 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalikuwa ya kushangaza: waliokutwa na tatizo ni 15 tu, yaani asilimia 0.7. Ulaya kwa umri huo idadi huwa juu mara nyingi zaidi.

Tuseme tuna programu nzuri: inakamata wagonjwa 95 kati ya 100, na inawaachia wazima 95 kati ya 100. Tupime wazee 10,000 kwa kiwango cha Hai. Wagonjwa ni 70, tunakamata 67. Wazima ni 9,930, lakini 497 kati yao wanapewa tahadhari ya uongo. Kwa kila watu wanane hivi wanaoambiwa moyo wao una shida, ni mmoja tu aliye nayo. Hao wengine saba watapanda matatu kwenda kupanga foleni ya ECG katika hospitali ya rufaa ya Kisii, bila kulala usingizi usiku uliotangulia.

Badilisha watu, usibadilishe programu. Utafiti ulioitwa REMEDY, uliochapishwa 2015 na uliohusisha Kenya na Uganda, uliangalia wagonjwa 3,343 wa moyo unaotokana na homa ya rumatiki. Huu ni ugonjwa unaoanza na koo la mtoto lisilotibiwa na kuishia kuharibu vali za moyo. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini, na takriban asilimia 22 walikuwa na atriali fibrilesheni. Pitisha watu 10,000 wa namna hii kwenye programu ileile: unakamata wagonjwa 2,090, na tahadhari za uongo ni 390. Zaidi ya nane kati ya kila kumi ni za kweli!

Hapo ndipo historia yetu inapotofautiana na ya California. Kule programu inauzwa kwa mzee mwenye saa ya bei ghali. Hapa wa kumtafuta kwanza ni msichana wa miaka 25 mwenye vali mbovu, ambaye tayari yuko kwenye daftari la kliniki.

Na baada ya tahadhari?

Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa hawa wa rumatiki dawa ya zamani, wafarini, inaokoa maisha kuliko dawa mpya ya rivaroksabani. Lakini wafarini inataka damu ipimwe mara kwa mara; ikizidi unavuja damu, ikipungua inaganda. Simu haiwezi kupima hilo kwa kamera.

Inaweza kufanya jambo jingine, na Kenya tulishalithibitisha. Kati ya 2007 na 2009, wagonjwa 538 wa virusi vya ukimwi walishiriki utafiti ambapo nusu yao walitumiwa SMS moja kila wiki: "Mambo?" Walijibu "Sawa" au "Shida". Matokeo ya 2010 yalionyesha waliotumiwa SMS walifuata dawa vizuri zaidi: asilimia 62 dhidi ya 50. Hakuna kamera, hakuna algoriti.

Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000 simu na mikoba yenye mashine ya shinikizo la damu. Kwa hiyo simu tayari inapita mlango kwa mlango. Kwa wenzangu waandishi wa programu, ushauri wangu ni huu: kabla ya kuandika sehemu ya kusoma kidole, andika sehemu ya kumfuata mtu. Nani alipewa tahadhari, alifika kwenye ECG lini, na kipimo chake kijacho cha damu ni tarehe ngapi. Einthoven alivuta waya wa simu kwa sababu mashine haikuweza kumfikia mgonjwa. Siku hizi mashine inamfikia kila mtu. Asichofikia mgonjwa ni dawa na kipimo.

Haya, karibuni kwa maoni. Wiki ijayo nitaeleza namna ya kuchora lile wimbi kwa mistari michache ya programu.