Posho, Mkataba na Uwanja wa Mpira

Mara nyingi twasikia watu wakibishana juu ya wachezaji wa mpira: huyu ana nguvu kwa kuwa kabila lake lina nguvu, yule ni dhaifu kwa kuwa alizaliwa hivyo. Maneno hayo twayakataa. Sisi wa Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka wa 1966, tunajua mwili wa mtu ulijengwa kwa nini hapa kwetu: kwa posho, kwa mkataba, na kwa upande wa ua wa kambi alikolala.

Kampuni ya Union Minière, ambayo wazee waliiita Changa-Changa, ilianzishwa mwaka wa 1906. Katika miaka ya kwanza iliwatoa watu vijijini kwa mkataba wa miezi michache, bila wake zao, wakalala kwa kubanana na kula vibaya. Kichomi, kuhara damu na homa ya matumbo viliwaua wengi, na mafua makuu ya mwaka wa 1918 yakaongeza makaburi.

Kuelekea mwaka wa 1928 kampuni ikageuza mwendo wake. Si kwa huruma tu, twasema wazi: kutafuta watu wapya kila mara kulikula fedha nyingi, na mgonjwa hachimbi shaba. Basi mkataba ukawa wa miaka mitatu, wake wakakaribishwa, nyumba bora zikajengwa, hospitali na mahali pa kuzalia pakafunguliwa. Watoto walipimwa uzito na kulishwa. Aliyesimamia mambo hayo kwa miaka mingi alikuwa daktari, Bwana Mottoulle, naye aliyaeleza katika kitabu mwaka wa 1946. Lakini aliyefukuzwa kazi alipoteza mshahara, nyumba na posho kwa siku moja.

Mapadre Wabenedikto walipewa shule za kambi, na mpira ukafuata shule. Padre Grégoire Coussement aliueneza sana huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Na mwaka wa 1939 Wabenedikto wakaanzisha timu ambayo sasa ni TP Mazembe. Mapadre walitaka vijana wapate mchezo safi siku ya Dominika badala ya pombe. Kampuni nayo ilitaka mikono imara siku ya Jumatatu. Makusudi hayo mawili yalikaa katika uwanja mmoja, wala si haki kulificha la pili kwa ajili ya uzuri wa la kwanza.

Sasa tufikiri watoto wa ndugu wawili. Mmoja akaa kambini Panda, ana posho na daktari. Mwenzake akaa nje ya kambi, baba yake hana mkataba. Baada ya miaka kumi wakikutana uwanjani, nani atashangaa mmoja akimwacha mwenzake nyuma? Na tena watazamaji watasema ni damu!

Posho hiyo haikuwa zawadi. Wakati wa vita kuu ya pili kazi ilizidishwa na bei za vitu zikapanda. Desemba 1941 wafanyakazi wa Panda na Shituru waligoma, na wa Elisabethville vilevile. Huko, tarehe 9 Desemba, wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikufa hapo.

Hata jiwe la Shinkolobwe, karibu na mji wetu, lina habari yake. Tangu mwaka wa 1922 radiumu yake ilitengenezwa Olen, Ubelgiji, nayo ikatumika Ulaya kuwatibu wenye kansa. Mwaka wa 1945 urani yake ikaingia katika bomu la Hiroshima. Waliolichimba ni watu wa Katanga, kwa mikono yao.

Wazee wetu husema, “Kazi njo baba, njo mama.” Serikali ilipoitwaa kampuni mwaka wa 1967, Gécamines ikaendelea kuwa baba na mama: hospitali, shule, unga. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 ikaanguka. Mwaka wa 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoshwa kazini. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, amewaita watu hao watoto walioachwa na baba yao. Dawa iliyokuwa bure ikatafutiwa fedha, na meza ikapungua.

Mwaka wa 2010 Mazembe, ikiongozwa na Moïse Katumbi aliyetajirika kwa kazi za migodi, ilicheza fainali ya vilabu vya dunia, timu ya kwanza ya Afrika kufika huko. Tulifurahi kama wengine. Lakini mwaka mmoja kabla yake, wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walikuwa wametangaza habari za mkojo waliopima katika Katanga. Wakaao karibu na migodi na viwanda walikutwa na kobalti nyingi kuliko wakaao mbali, na watoto kuliko wakubwa. Watoto huchezea chini, katika vumbi.