Jiko la Nje: Historia ya Jengo Dogo Nyumbani Kwetu

Mwaka jana familia yetu ilijenga jiko la nje katika nyumba yetu iliyoko Kira, kiungani mwa Kampala. Ni jengo dogo la mita 4 kwa 3, na fundi alilimaliza kwa wiki tatu. Hata hivyo, kabla tofali la kwanza halijawekwa, ramani yake ilichorwa mara tatu, na bibi yangu mzaa baba alikaa siku mbili bila kuzungumza na baba. Mwanzoni nilidhani ni mivutano ya kawaida ya mama na mwanawe. Nilipoanza kuwauliza mmoja mmoja, nikiwa mwanafunzi wa Kiswahili na Historia, niligundua kwamba walikuwa wakibishana kuhusu mambo yaliyotokea kabla baba hajazaliwa. Katika insha hii ninajaribu kueleza historia iliyofichika katika ubishi huo.

Nyumba na moshi wake

Nyumba yetu ilijengwa mwaka 2016. Ina jiko la ndani lenye vigae vyeupe, sinki na meko ya gesi. Mama hulitumia kwa chai, mayai na vyakula vyepesi. Lakini matoke ya watu kumi hayapikwi hivyo. Ndizi humenywa, hufungwa katika majani ya mgomba, huwekwa juu ya vikonyo vya majani ndani ya sufuria kubwa na kupikwa kwa mvuke. Zikiiva hukandwa zikiwa bado ndani ya majani, kisha hurudishwa kwenye moto mdogo ziendelee kulainika. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na mtungi wa gesi hauvumilii. Kwa hiyo tulikuwa tukiwasha sigiri, yaani jiko la makaa, kwenye baraza ya nyuma, na mvua iliponyesha tuliiingiza ndani.

Siku moja ya mvua, msichana anayetusaidia kazi za nyumbani alianguka karibu na sigiri hiyo, mlango ukiwa umefungwa. Tulimtoa nje akazinduka, lakini daktari alituonya kwamba hewa ya makaa huua bila harufu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Jioni hiyo baba aliamua kwamba tujenge jiko la nje. Hakuna aliyempinga. Ubishi ulizuka alipotuonyesha mahali.

Ramani ya kwanza ililiweka jiko nyuma kabisa, kati ya ukuta wa ua na shimo la maji taka, kando ya chumba cha msichana wetu wa kazi. Mlango ulielekea ukutani. Baba alikuwa na sababu zake: moshi usiingie nyumbani, na wageni wasione masufuria meusi. Bibi aliitazama karatasi akasema kwa Kiganda, nami nafasiri: “Mwanangu, hili ni jiko la boi. Baba yako alipika ndani yake miaka saba. Mimi sitapika humo.”

Jiko la boi

Hapo ndipo nilipopata kisa ambacho hakuna aliyewahi kunisimulia. Babu yangu alikuwa mpishi wa afisa mmoja wa serikali ya kikoloni mjini Entebbe kuanzia 1955 hadi Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Bibi aliolewa mwaka 1958, akaenda kuishi naye katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya afisa. Jiko lilikuwa jengo la peke yake, limeunganishwa na nyumba kubwa kwa njia iliyoezekwa bati. Chakula kilipita katika njia hiyo. Bibi hakuruhusiwa kupita. Babu alikuwa na umri wa miaka zaidi ya thelathini na watoto wawili, lakini aliitwa boi.

Mpangilio wa namna hiyo haukuwa wa afisa yule pekee. Nyumba nyingi za maafisa nchini Uganda zilijengwa hivyo, jiko na vyumba vya watumishi vikiwa nyuma. Sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa moto na joto, nayo ilikuwa kweli kwa kiasi chake. Sababu nyingine ilikuwa woga wa magonjwa, ambao uligeuzwa kuwa woga wa watu. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa kuzuru Afrika Mashariki miaka ya 1913 na 1914, alipendekeza miji igawanywe katika maeneo ya Wazungu, Waasia na Waafrika, na kuwe na ukanda wazi wa kuwatenganisha. Kila nyumba ya afisa ilirudia mpango huo kwa kipimo kidogo: bwana mbele, mtumishi nyuma, na kipande cha ardhi kati yao. Lakini mtu huyohuyo aliyetengwa usiku kwa sababu za afya ndiye aliyeshika chakula cha bwana wake mchana kutwa.

Jambo moja lilinigusa zaidi kama mwanafunzi wa Kiswahili. Bibi hazungumzi Kiswahili, lakini anakumbuka maneno machache aliyoyasikia kwenye njia ile ya bati: lete maji, funga mlango, ondoa, upesi. Yote ni amri. Tunajadili darasani kwa nini Waganda wengi walikipinga Kiswahili kwa muda mrefu, nasi hutaja siasa za ufalme, elimu ya wamisionari na lugha ya wanajeshi. Sikuwahi kufikiria kwamba upinzani huo ungeweza pia kuanzia jikoni.

Mafiga na ukoo

Nilimuuliza bibi jiko la kwao alikozaliwa lilikuwaje. Alinieleza kibanda cha nyasi, wazi upande mmoja, karibu na shamba la migomba. Migomba ilitoa chakula, majani ya kufungia na vikonyo vya kuweka chini ya sufuria. Maganda na majivu yalirudi shambani. Mlango ulitazama ua wa nyumba, hivyo mpishi aliona kila aliyeingia na kila aliyeingia alimsalimu mpishi.

Katikati yalikuwapo mafiga matatu, ambayo kwa Kiganda huitwa amasiga. Neno hili ni lilelile la Kiswahili, isipokuwa sauti moja imebadilika: figa na siga. Lakini Kiganda kimelipandisha cheo. Ukoo wa Kiganda hugawanyika katika matawi makubwa yanayoitwa amasiga, kila tawi likiwa essiga, yaani figa. Matawi hayo hugawanyika tena mpaka kufikia oluggya, yaani ua, na mwisho enju, yaani nyumba. Kwa maneno mengine, Waganda walipotafuta lugha ya kueleza jinsi ukoo unavyosimama, waliichukua jikoni na uani. Methali yetu ya Kiswahili isemayo jifya moja haliinjiki chungu ina wazo lilelile. Hata katika kasri la Kabaka, mpishi mkuu alikuwa na cheo chake rasmi, Kauta, naye alihesabiwa miongoni mwa wakubwa.

Hata hivyo, mwanahistoria hapaswi kupendezwa na kila jambo la kale. Jiko hilo la bibi lilijaa moshi, na macho ya wanawake wengi wa kizazi chake yaliumia. Wanaume hawakuingia humo; kazi ilikuwa ya wanawake na mabinti. Tena jiko hilo nalo lilikuwa nyuma ya nyumba, kama la Entebbe. Nilipomwambia bibi jambo hili alicheka, akajibu kwamba nyuma si tatizo, tatizo ni kugeuziwa mgongo. Nadhani jibu lake lina uzito. Majengo mawili yanaweza kufanana kwa mahali na kwa kazi, lakini moja likawa sehemu ya nyumba na lingine likawa mpaka wake.

Mji uliopikia barazani

Kati ya jiko la bibi na ramani ya baba kuna pia historia ya mji. Waafrika wengi wa Kampala hawakuishi katika nyumba za maafisa. Waliishi katika Kibuga, mji uliozunguka makao ya Kabaka huko Mengo, uliokuwa chini ya serikali ya Buganda na ulioachwa nje ya mipango mingi ya manispaa. Huko na katika mitaa kama Kisenyi, vyumba vya kupanga vilijengwa kwa safu, na ukosefu wa jiko uliwafanya wapangaji wapikie mlangoni. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia serikali ilijenga mitaa ya nyumba za wafanyakazi Naguru na Nakawa. Mitaa hiyo ilibomolewa mwaka 2011. Baba alikulia katika chumba kimoja cha kupanga, na anakumbuka sigiri sita zikiwaka kwenye baraza moja, kila jirani akijua mwenzake anakula nini, na nani hakupika siku hiyo.

Sasa nilimwelewa. Kwa bibi, jiko lililofichwa lilikuwa alama ya utumwa. Kwa baba, jiko lililo wazi lilikuwa alama ya umaskini. Alifanya kazi miaka ishirini ili asionekane akipika nje. Wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja kwa historia yake.

Ramani ya tatu

Ramani ya pili ilikuwa ya mama, aliyependekeza tupanue jiko la ndani na kuachana na moto kabisa. Gharama iliizuia. Pia makaa yalikuwa yamepanda bei, hasa baada ya agizo la rais la Mei 2023 lililopiga marufuku biashara ya kuchoma makaa kaskazini mwa Uganda, ambako misitu ilikuwa ikiisha. Tulihitaji jiko linalotumia kuni kidogo.

Ramani ya tatu tuliichora pamoja mezani. Tulilisogeza jiko mita 7 kutoka nyumbani, upande ambao upepo hauleti moshi madirishani, chini kidogo ya mfenesi. Kuta tatu zilijengwa kwa matofali hadi mita 1.2 tu, kisha nguzo na paa la bati lililoinuliwa ili moshi utoke. Upande wa nne, unaotazama ua na lango, uliachwa wazi. Matofali 600 yalitosha.

Meko yenyewe ni ya udongo, aina inayoitwa Lorena. Jina hilo lilitoka Guatemala, ambako meko hayo yalibuniwa baada ya tetemeko la ardhi la 1976, na limeunganishwa kutoka maneno mawili ya Kihispania yenye maana ya matope na mchanga. Uganda imeyafanya yake. Fundi wetu alichanganya udongo wa kichuguu na nyasi zilizokatwakatwa, akalaza vipande vya shina la mgomba mahali pa njia za moto na moshi, akashindilia udongo kuvizunguka. Udongo ulipokauka alivichomoa, na njia zikabaki. Bibi alisimama hapo asubuhi nzima, akashangaa kwamba mgomba umepata kazi nyingine jikoni. Meko yana matundu mawili na dohani. Pembeni, bibi aliomba yaachwe mafiga matatu kwa ajili ya sufuria kubwa ya sherehe. Hakuna aliyebisha.

Hitimisho

Nimejifunza mambo mawili kutokana na ujenzi huu. La kwanza ni kwamba historia ya ukoloni haiko katika mikataba na nyaraka pekee. Imo pia katika mahali tunapochagua kuweka mlango. Baba hakuwahi kuishi Entebbe, lakini alichora jiko la Entebbe kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ndivyo nyumba ya mtu aliyefanikiwa ilivyoonekana machoni pa mji wetu. La pili ni kwamba kulikataa jiko la boi hakutoshi ikiwa bado yupo mtu anayepikia humo peke yake. Msichana aliyeanguka kwa hewa ya makaa ndiye chanzo cha jengo hili, lakini katika siku zote za ubishi hatukumwuliza neno. Tulimwuliza mwishoni, alipokuja fundi kupima urefu wa meko. Alisema yainuliwe kidogo, kwa maana mgongo humuuma akiinama. Yakainuliwa kwa sentimita 15.

Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa katiba, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Jumapili, tunapomenya ndizi chini ya bati lile, mimi na baba tukiwemo, ninamfundisha bibi maneno mapya. Hadi sasa ameshika karibu, tafadhali na asante.