Kocha wa watu waliotawanyika



Katika historia ya mpira wa kikapu, ule tunaita baskete, kuna habari moja inayotugusa sana sana sisi tuliorudi. Ni habari ya kocha Royal Ivey, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1981, ambaye alichukua watoto wa watu waliokimbia vita akawafanya ekipe moja.

Ivey mwenyewe hakuwa nyota. Mwaka 2004 Atlanta Hawks walimchagua akiwa wa 37. Akacheza miaka kumi katika NBA, ligi kubwa ya Marekani, lakini mara nyingi alikuwa mtu wa benchi: anaingia dakika chache, anakaba, anarudi kukaa. Mtu wa benchi anaona mengi. Alipoacha kucheza mwaka 2014 alianza ukocha chini, katika ekipe ndogo ya Oklahoma City. Kisha akawa msaidizi kwa Thunder, New York Knicks, Brooklyn Nets, na mwaka 2023 Houston Rockets. Huko kote alikuwa msaidizi tu.

Ukocha mkuu aliupata kwa watu wengine. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na mwaka 2013 vita vikaanza tena. Watoto wake wengi walikulia Kenya, Uganda, Misri, Australia na Marekani. Luol Deng ni mmoja wao: vita vilimfukuza akiwa mtoto hadi Misri, kisha akaenda Uingereza, mwisho akawa nyota wa Chicago Bulls. Mwaka 2019 alichaguliwa rais wa shirikisho la baskete la nchi yake. Akatoa pesa mfukoni mwake, akawatafuta vijana kila bara. Mwaka 2021 Ivey akashika ekipe.

Angalieni kazi aliyopewa. Nchi nzima haikuwa na uwanja hata mmoja wa baskete wenye paa. Kila mchezaji alikuwa na klabu yake mbali, na kocha naye alikuwa na kazi yake Marekani. Wanakutana siku chache, wanacheza, wanaachana. Basi walishika mchezo wa mbio, wa kukaba na wa kurusha kutoka mbali.

Mwaka ule ule 2021, huko Kigali, waliingia Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza wakafika robo fainali. Katika kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia walishinda mechi 11 kati ya 12. Mwaka 2023 huko Manila waliipiga China, wakawapiga Wafilipino kwao, wakaipiga Angola 101 kwa 78, na hivyo wakapata nafasi ya Afrika kwenda Olimpiki ya Paris. Nchi ilikuwa na miaka 12 tu.

Tarehe 20 Julai 2024, London, mechi ya kirafiki, Marekani yenye LeBron James iliwashinda kwa pointi moja tu: 101 kwa 100. Siku nane baadaye, mjini Lille, kabla ya mechi yao ya kwanza ya Olimpiki, vipaza sauti vikapiga wimbo wa taifa wa Sudan, nchi ile waliyoachana nayo! Watu uwanjani wakapinga mpaka wimbo wa kweli ukapigwa. Kisha vijana wakaishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Baadaye walifungwa na Marekani na Serbia, wakatoka.

Wimbo ule tunauelewa. Kambini uliitwa Mkongomani. Umerudi kijijini, jirani anakuita mtu wa Tanzania. Vijana wale hawakugomea mechi. Walisubiri jina lao litajwe sawasawa, halafu wakacheza.

Tujifunze kwao: hawakungoja uwanja ujengwe ndipo watafutane. Walianza na mchango wa aliyekuwa nacho, orodha ya watu waliopo, na mtu mwenye uvumilivu wa kuwapanga. Likelemba yetu nayo inaanza hivyo.

Lakini, wafadhili wapenzi, musisome hapa kwamba moyo peke yake unatosha. Manila ilileta sifa, haikuleta paa. Hata walipokwenda Paris, mtoto wa Juba alikuwa bado anajifunza kurusha mpira kwenye jua na mvua. Watu wanaweza kujikusanya wenyewe. Paa linahitaji mabati, misumari na fundi wa kulipwa.